Maji ya bomba Kampala: ninywe tu, nichemshe, au ninunue mashine?

Swali: "Nimehamia Najjera kutoka Mwanza. Nyumba ninayopanga ina maji ya National Water, lakini nyuma kuna tangi jeusi juu ya mnara wa chuma, na maji ya jikoni yanatoka humo. Mwenye nyumba anasema maji yamewekwa dawa, tunywe tu. Jirani yeye huchemsha dakika 20 bila kukosa. Juzi alipita kijana anayeuza mashine za kuchuja, akatumbukiza vyuma kwenye glasi ya maji yangu, yakageuka rangi kama chai, nikaingiwa na hofu. Nina watoto wawili, mdogo ana miezi minane na anatumia maziwa ya kopo. Nimsikilize nani?" (Mama Latifa)

Mama Latifa, kwa sasa msinywe maji ya bomba la jikoni bila kuyatibu. Yatibu maji ya kunywa, ya maziwa ya mtoto na ya kuoshea matunda na kachumbari. Kwa nyumba ya watu wanne hayo hayazidi lita 10 hadi 15 kwa siku. Maji ya kuoga, kufua na kudeki yaache yalivyo. Mashine usinunue. Dakika 20 za jirani ni makaa yanayoteketea bure. Na kuna kitu ambacho wote watatu wamekiruka, nacho ndicho cha kwanza kushughulikia: lile tangi.

Mwenye nyumba hakukudanganya, ila amesimulia nusu ya safari. Maji ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria, lilelile ulilokunywa ukiwa Mwanza, na husafishwa katika mitambo ya Ggaba na Katosi. Kwanza hupita kwenye wavu unaozuia magugu na takataka. Kisha hutiwa shabu ili uchafu mdogomdogo ushikamane na kuwa mzito, halafu huachwa yatue na mashapo yabaki chini, yakapitishwa kwenye mchanga na mwisho yakatiwa klorini. Ggaba wana kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu maji yao yanatoka Ghuba ya Murchison, na mfereji wa Nakivubo unamwaga uchafu wa mji katika ghuba hiyohiyo. Ndiyo maana kuna siku maji yana harufu ya majani au ya udongo. Hiyo ni harufu ya mwani iliyopenya. Inachukiza puani, lakini harufu yenyewe si ugonjwa.

Yanapotoka mtamboni, maji hayo ni salama kunywa. Hupandishwa kwa pampu hadi matangi ya vilimani, kama yale ya Muyenga, kisha hushuka kwa uzito wake hadi mitaani. Klorini inayotiwa mwishoni ina kazi mbili. Inaua vijidudu pale mtamboni, na kiasi kidogo hubaki ndani ya maji kikiyalinda njiani. Hicho kiasi kinachobaki ndicho cha kufuatilia. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na ikiwezekana yakaribie 0.5. Kiwango cha juu kisichodhuru ni miligramu 5, kwa hiyo harufu kidogo ya dawa bombani isikutishe. Cha kukutia wasiwasi ni maji ambayo hayana klorini hata chembe, maana kitu chochote kitakachoingia humo hakitakuta mlinzi.

Sasa tazama maji yanapita wapi kabla ya kufika kwako. Chini ya barabara kuna bomba kubwa, na humo ndani maji yakiwa na presha hayana shida: tundu likiwepo, maji hutoka nje, uchafu hauingii. Shida huanza yanapokatika. Presha ikishuka, tundu lililokuwa likivuja huanza kunyonya, na linanyonya chochote kilicholizunguka. Tembea mtaa wowote wa Kampala uangalie mabomba meusi ya plastiki yanayokwenda majumbani: mengi yanapita ndani ya mtaro wa majitaka, yana viungo vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli, mengine yamekatwa na kuunganishwa usiku. Maji yakirudi, ule uchafu ulionyonywa hutangulia. Mtu akifungua bomba la jikoni baada ya mgao akaona maji ya kahawia, kawaida ni kutu na matope. Akiyaacha yatiririke yakawa meupe, anadhani mambo yamekwisha. Rangi imekwisha, kweli. Vijidudu havina rangi.

Mkosaji mwingine ni ile pampu ambayo baadhi ya wapangaji hufunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaani ili wavute maji kwa nguvu. Mtaa wenye presha ndogo ukiwa na pampu mbili tatu za namna hiyo, bomba zima linanyonya hata siku ambayo maji hayajakatika. Kama ni lazima pampu, maji yaingie kwanza kwenye tangi la chini kwa presha yake yenyewe, ndipo pampu iyapandishe kutoka humo.

Toka kwenye mita kuja ndani, mabomba ni mali ya mwenye nyumba, na humo shirika la maji, yaani National Water, halina mkono. Hapo ndipo tangi lako lilipo.

Tangi jeusi la plastiki ni zuri, maana halipitishi mwanga na mwani hauoti ndani. Lakini juani maji yake hupata joto, na joto huifukuza klorini haraka. Ukubwa nao una kesi yake. Watu wanne wanaotumia lita 200 kwa siku wakiwa na tangi la lita 3,000, maji hukaa humo siku 15 kabla ya kutumika, na klorini haiwezi kungoja muda wote huo. Watu hununua tangi kubwa kwa kuogopa mgao, nawaelewa, lakini akiba ya siku mbili hadi tatu inatosha sehemu nyingi za Kampala. Kama tangi kubwa limeshanunuliwa, fundi anaweza kulishusha boya ili lijae nusu tu.

Panda, au mtume fundi apande, akague mambo haya. Mfuniko: jua huupasua, upepo huupeperusha, na tangi lisilo na mfuniko ni bwawa la mijusi, mende na kinyesi cha popo. Bomba la kumwagia ziada: mdomo wake lazima uwe na wavu mdogo, kwa sababu mjusi haingii kwa mfuniko pekee. Bomba la kutolea: lianze sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi. Likianzia chini kabisa linabeba tope kila siku. Halafu aangalie kitu ambacho hapa Uganda kimezoeleka mno, mfereji wa maji ya mvua kutoka paani ulioelekezwa kwenye tangi hilohilo. Maji ya mvua hayana klorini, na yanashuka na mavi ya ndege, vumbi na majani, ambavyo vyote hula klorini ya maji ya bomba mpaka iishe. Mvua ni neema, ikingwe, lakini iwe na tangi lake.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Kifaa cha kupimia klorini cha mabwawa ya kuogelea kinapatikana kwenye maduka ya kemikali na ya vifaa vya mabwawa. Tafuta kile kinachotumia kidonge kinachogeuza maji kuwa rangi ya waridi, kwa kuwa hicho kinapima klorini huru, yaani ile ambayo bado ina uwezo wa kuua. Kile cha matone kinachogeuka njano hujumlisha na klorini iliyokwisha nguvu, kwa hiyo kitakupa moyo bila sababu. Pua usiitegemee, ikizoea harufu haikuambii tena lolote.

Pima sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kwanza bomba la uani lililo karibu na mita, linalopata maji kabla ya tangi. Liache litiririke dakika mbili au tatu, kisha chukua maji kwenye glasi safi na uyapime palepale, usingoje. Halafu fanya vilevile kwenye bomba la jikoni. Uani ukipata 0.4 na jikoni 0.3, tangi lako ni zima. Uani ukipata 0.4 na jikoni sifuri, basi umeshamjua mhalifu, na kulalamika kwa shirika hakutasaidia. Zote mbili zikiwa sifuri, rudia kesho asubuhi na kesho kutwa jioni. Ikibaki hivyo, piga simu ya bure iliyoandikwa kwenye bili yako, uwaambie siku, saa na vipimo. Mtu aliye na namba husikilizwa upesi kuliko anayesema maji ni mabaya. Kama nyumba haina bomba la uani kabla ya tangi, muombe mwenye nyumba aweke moja. Ni kazi ya kiungo kimoja na koki, na baadaye utachotea hapo maji ya kunywa, maana ndiyo mapya kuliko yote uliyonayo.

Kuosha tangi kunafanywa kila miezi sita, na kila miezi mitatu mahali penye mgao wa mara kwa mara. Fundi wengi humwaga maji, wakasugua kidogo, wakajaza tena. Hapo hawajaondoa chochote isipokuwa tope. Ukuta wa ndani una utando wa utelezi ambao bakteria hujificha ndani yake, na huo unahitaji brashi kwanza, kisha klorini nyingi kwa saa kadhaa.

Yafanyike hivi. Funga koki ya kuingilia, tumieni maji mpaka yabaki kidogo chini. Sugua kuta, sakafu na upande wa ndani wa mfuniko kwa brashi mpya ya plastiki na yale maji yaliyobaki. Usitumie sabuni ya unga yenye manukato, harufu yake haitoki wiki nzima. Waya wa chuma pia usitumie, unakwaruza plastiki, na mikwaruzo ni maskani ya utando mpya. Toa tope kwa sifongo na ndoo, suuza, mwaga. Jaza tena, na yakifika nusu tia dawa kisha endelea kujaza ili ichanganyike.

Kipimo ni miligramu 50 za klorini kwa lita. Kwa tangi la lita 1,000 hiyo ni lita 1.4 ya dawa ya maji ya kung'arisha nguo yenye asilimia 3.5, kama JIK ya kawaida isiyo na manukato, au gramu 75 hivi za klorini ya unga yenye asilimia 65 hadi 70. Unga uukoroge kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, ukiutia unga juu ya maji, si maji juu ya unga. Uache utulie, umimine yale maji ya juu, chokaa iliyobaki chini uitupe. Vaa glavu. Wala usichanganye dawa hii na ile ya kusafishia choo, kwa sababu inatoa gesi inayoweza kuua mtu, na ndani ya tangi hakuna pa kukimbilia. Kwa tangi la chini ya ardhi, mtu asiingie peke yake. Mmoja awe juu wakati wote.

Tangi likijaa, fungua mabomba yote ya nyumba, moja baada ya jingine, mpaka kila moja litoe harufu kali ya klorini, kisha yafunge. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa, na bila hiyo mabomba ya ndani yanabaki na utando wao. Acha usiku mzima. Asubuhi mwaga yote ardhini mbali na bustani na mabanda ya kuku. Usiyaelekeze kwenye shimo la choo cha kuvuta, yataua bakteria wanaomeng'enya uchafu humo. Jaza maji mapya, yatiririshe kidogo, kisha pima tena uani na jikoni.

Kuchemsha. Maji yakishachemka kwa mapovu makubwa yanayopinduka, dakika moja inatosha. Ukiwa Kampala, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na bakteria wa homa ya matumbo, wa kipindupindu, virusi na vimelea vya kuhara hufa kabla hata hujafika huko. Anayeishi milimani zaidi ya mita 2,000 achemshe dakika tatu. Dakika 20 haziongezi usalama. Kama una umeme, birika ya umeme ya lita mbili inayojizima yenyewe inafanya kazi ileile: lita 10 zinakula karibu uniti moja ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Piga hesabu yako dhidi ya makaa.

Maji yaliyochemshwa yana udhaifu mmoja mkubwa. Hayana ulinzi wowote, klorini imeondoka na mvuke. Kikombe kimoja kilichotumbukizwa na mtoto aliyetoka msalani kinatosha kuyarudisha yalikotoka. Hivyo yaache yapoe ndani ya sufuria ileile ikiwa imefunikwa, kisha yamimine kwenye chombo chenye mfuniko na bomba dogo chini. Usihamishie kwenye jagi halafu kwenye ndoo halafu kwenye chupa. Kila chombo ni mlango. Tumia ndani ya siku moja au mbili.

Dawa ya klorini ni rahisi kuliko kuchemsha na inaacha ulinzi. Vidonge vya kutibu maji vinauzwa kwenye maduka ya dawa, na kile cha miligramu 67 kinatosha jerikeni moja la lita 20 la maji maangavu. Soma pakiti, kwa kuwa viko vya ukubwa tofauti, na kidonge cha jerikeni ukikitia kwenye jagi la lita mbili hakinyweki. Ukikosa vidonge, ile dawa ya asilimia 3.5 isiyo na manukato inafaa: mililita 1.2 kwa lita 20, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano kutoka famasi, au robo ya kijiko cha chai. Tikisa, funika, ngoja dakika 30. Baada ya hapo lazima kuwe na harufu hafifu ya klorini. Isipokuwepo, rudia kipimo hichohicho na ungoje tena. Harufu ikikukera, acha chombo wazi kidogo mahali safi kabla ya kunywa.

Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope, inamalizwa na uchafu kabla ya kufika kwa vijidudu. Maji hayo yaache yatue saa kadhaa, mimina ya juu kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha tia kipimo mara mbili. Pia kuna kimelea kimoja cha kuhara, kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kawaida haikiui. Kwa mtoto mchanga na kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, mfano anayeishi na virusi vya UKIMWI na hajaanza dawa, chemsha.

Nije kwa mdogo wako. Watu hudhani hatari iko kwenye maji peke yake, lakini unga wa maziwa ya kopo nao si tasa, unaweza kuja na bakteria wake tangu kiwandani. Kwa hiyo maji yachemke, yakae si zaidi ya dakika 30 ili bado yawe na nyuzi 70 au zaidi, ndipo utie unga. Joto hilo ndilo linaloua kilichomo kwenye unga. Kisha ipooze chupa kwa kuisimamisha ndani ya bakuli la maji baridi, bila maji hayo kufika shingoni, na udondoshee mkononi kabla ya kumpa. Yanayobaki baada ya kunyonya, mwaga. Chupa na chuchu zioshwe kwa sabuni na brashi, kisha zichemshwe. Mtu anaweza kuwa na maji safi kupita kiasi na mtoto bado akaharisha kwa sababu ya chuchu.

Maji yakikatika na ukalazimika kununua ya jerikeni, jua kwamba muuzaji wa baiskeli anaweza kuyachota bombani au kwenye chemchemi ya bondeni, na wewe huna namna ya kutofautisha. Mwaka 2015 Kampala ilipata mlipuko wa homa ya matumbo ambao watu walioshukiwa kuugua walizidi 10,000, na uchunguzi uliangukia maji na vinywaji vilivyouzwa katikati ya mji. Yachukulie maji yote ya kununua kuwa hayajatibiwa. Chemchemi za mabondeni, hata zilizojengewa saruji na bomba, ziko chini ya vyoo vya shimo vya mlimani. Humo hakuna vijidudu tu, kuna na nitrati inayotoka vyooni, na nitrati haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwa mvuke, ndiyo inazidi kukolea. Inadhuru zaidi watoto wa chini ya miezi sita kwa kuizuia damu isibebe oksijeni. Wako amepita umri huo, hata hivyo maziwa yake usiyatengeneze kwa maji ya chemchemi. Weka akiba ya chupa chache za maji ya dukani yenye alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwa siku hizo.

Maji yakirudi baada ya kukatika, usikimbilie kujaza tangi. Funga koki ya tangi, fungua bomba la uani, yaache yatiririke kwenye ndoo za kudekia mpaka yawe maangavu na uongeze dakika tano, ndipo ufungulie tangi. Yakiwa meupe kama yana povu, mimina kwenye glasi uangalie: yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika chache, ni hewa tu.

Jerikeni zenyewe: nzuri, kwa sababu mdomo ni mdogo na mkono hauingii. Zisioshwe kwa kutikisa mchanga na kokoto, unakwaruza ndani. Tumia maji ya sabuni na brashi ya chupa, suuza, na mara moja kwa wiki tia lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha dawa ya asilimia 3.5, tikisa, laza kila upande, mwaga baada ya nusu saa. Iliyowahi kubeba petroli, rangi au dawa ya shambani haisafishiki, hata ikioshwa mwaka mzima.

Sasa yule kijana. Vyuma vyake viwili vimeunganishwa na umeme, na kimoja ni cha chuma cha kawaida. Umeme ukipita kwenye maji yenye chumvi chache, chuma chenyewe huliwa na kutoa kutu, na kutu ndiyo ile rangi uliyoiona. Haikuwa ndani ya maji yako. Kwenye maji ya mashine yake rangi haitoki kwa kuwa chumvi zimeondolewa na umeme haupiti vizuri. Tia punje ya chumvi kwenye glasi yake uone. Wengine huja na kalamu inayoonyesha namba na kusema namba kubwa ni uchafu. Kalamu hiyo inapima chumvi, haioni kijidudu hata kimoja, na maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo mno kiasili. Mashine ya kuondoa chumvi kwa maji ya Kampala ni kulipia tatizo usilokuwa nalo, na inamwaga maji mengi kwenye mtaro ili kukupa kidogo. Anayekunywa kisima cha bonde la ufa chenye floraidi nyingi ana sababu ya kuifikiria. Wewe huna.

Ukitaka chujio, cha udongo wa kuchoma kinachotengenezwa hapahapa Uganda kinatosha. Kinatoa lita moja hadi tatu kwa saa, kinazuia bakteria na vimelea, lakini virusi vidogo vinaweza kupita, na kikipata ufa hata mwembamba hakina kazi tena. Kisugue kwa brashi laini kasi ikipungua, bila sabuni. Chujio la mkaa linaloning'inia kwenye bomba linaondoa harufu na ladha, na linaondoa klorini pia. Likikaa miezi bila kubadilishwa linageuka shamba la bakteria. Nisingeliweka kwenye nyumba yenye tangi.

Kama baada ya kuosha tangi bado una shaka, peleka sampuli maabara. Shirika la maji lina maabara yake kuu Bugolobi, na UNBS wanapima pia. Chukua chupa tasa kutoka maabara yenyewe, ya mililita 250, yenye dawa ya kuzima klorini ndani yake, usiisuuze. Pangusa mdomo wa bomba kwa spiriti, tiririsha dakika mbili, jaza bila kugusa mdomo wa chupa, iweke kwenye barafu na uifikishe ndani ya saa sita. Omba wapime E. koli (bakteria wa kinyesi), uchafu unaotia ukungu na klorini. Kipimo kirefu cha madini 20 hukihitaji. Kwa kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 12, E. koli isiwepo kabisa katika mililita 100, na ukungu usizidi 5 kwa kipimo cha NTU kwa maji yaliyotibiwa. Majibu yakisema E. koli iko moja au mbili, usiambiwe ni kidogo.

Na mwenye nyumba umpelekee orodha fupi: mfuniko mpya, wavu kwenye bomba la ziada, koki ya uani kabla ya tangi, mfereji wa mvua utenganishwe, tangi lioshwe. Fundi mmoja anaimaliza kwa siku moja. Mpaka imalizike na kipimo cha jikoni kifike angalau 0.2, endelea na vidonge kwa wakubwa na sufuria kwa mdogo.